Ukipewa ruhusa wodini, usikimbilie kufunga mizigo

Daktari akipita raundi asubuhi na kutamka kwamba mgonjwa karuhusiwa, ndugu wanaanza kukunja khanga, kufunga chupa za chai na kuita bajaji. Furaha hiyo naielewa, nimemuuguza mama yangu wodini zaidi ya mara moja. Ila naomba msitoke getini kabla ya kuuliza maswali, kwa sababu mengi hamtaelezwa msipouliza.

Kubwa kuliko yote ni dawa. Mama ana presha ya siku nyingi, na nyumbani alikuwa akimeza amlodipini. Alipolazwa walimbadilishia, akaruhusiwa na nifedipini kwenye bahasha iliyoandikwa 1x2, yaani kidonge kimoja mara mbili kwa siku, basi. Hakuna aliyemwambia ile ya zamani aiache. Pale dirisha la dawa nilimwonyesha mfamasia zote mbili. Akaniambia ni za kundi moja, zote zinatanua mishipa ya damu, na akizimeza pamoja presha inaweza kushuka mpaka akaanguka. Tangu hapo, mgonjwa wetu akilazwa tunabeba dawa zake zote za nyumbani, hata za miti shamba. Siku ya kutoka tunazipanga mbele ya muuguzi au mfamasia na kuuliza moja moja: hii anaendelea nayo? Hadi lini? Asubuhi kabla ya chai au baada ya kula?

Anayesikiliza maelezo hayo awe yule atakayempikia mgonjwa na kumpa dawa. Shemeji aliyekuja na gari atasahau kabla hamjafika nyumbani.

Dai pia karatasi ya ruhusa, yenye ugonjwa uliogundulika, vipimo, matibabu aliyopata na tarehe ya kliniki. Ipige picha kwenye simu. Mgonjwa akizidiwa usiku mkamkimbiza zahanati ya jirani, karatasi hiyo ndiyo itakayomweleza tabibu aanzie wapi.

Kwa aliyefanyiwa upasuaji, uliza nyuzi zinatolewa lini na kidonda kisafishwe wapi. Homa, usaha, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kifua kubana ghafla: rudini siku hiyo hiyo, msingoje tarehe ya kliniki.

Na mama aliyejifungua salama kwa njia ya kawaida asiharakishwe. Shirika la Afya Duniani linashauri abaki kituoni angalau saa 24, kwa kuwa damu nyingi na kifafa cha uzazi vinaweza kumpata hata baada ya mtoto kuzaliwa.

Bili nayo isingoje siku ya mwisho. Hospitali za serikali Tanzania zina afisa ustawi wa jamii ambaye kazi yake mojawapo ni kuwasikiliza wasio na uwezo wa kulipa. Mfuateni mgonjwa akiwa bado kitandani, mkiwa na barua ya serikali ya mtaa au kijiji, maana ukaguzi wa msamaha huchukua muda.