Maswali ya Wajenzi: Nyumba imekamilika, hati bado

Safu ya leo ni ya wasomaji wetu wanaojijengea nyumba Uingereza. Namba tulizotaja ni za England. Msomaji wa Scotland amejibiwa mwishoni.

Ndugu Mhariri, habari za kazi. Tunajenga karibu na Northampton, tumeshapaua na kuweka madirisha. Mkaguzi wa halmashauri anadai hesabu ya nishati ya nyumba ilivyojengwa, wakati tulishampa kabla ya kuchimba msingi. Jambo la pili: mbao za povu za ukutani zilikosekana dukani, fundi akaweka sufu ya madini ya unene uleule, milimita 100. Kuna shida?

Shida ipo, dada, na imo ukutani. Hesabu hiyo huitwa SAP, na hufanywa mara mbili. Ya kwanza ilikuwa ya nyumba iliyo kwenye ramani. Ya pili ni ya nyumba iliyosimama, nayo ndiyo inayozaa EPC, yaani hati ya ufanisi wa nishati. Chochote kilichobadilika katikati, iwe dirisha, pampu ya joto au linta, lazima kiingizwe humo.

Unene peke yake hausemi kitu. Povu gumu lenye upitishaji joto wa 0.022 hutoa ukinzani wa joto wa 4.5 hivi kwa milimita 100. Sufu ya 0.035, kwa unene huohuo, hutoa 2.9. Ukuta uliopangwa kuwa na thamani ya U (kipimo cha joto linalopenya, kikiwa kidogo ni bora) ya 0.18 unaweza kupanda hadi 0.26, na kama tofali la ndani ni la zege zito, utazidi hapo. Ukomo wa ukuta ni 0.26. Paa ni 0.16, sakafu 0.18, madirisha 1.6.

Wengi huzishika namba hizo wakadhani kuwa aliye ndani ya ukomo amefaulu. Sivyo. Nyumba yako inalinganishwa na nyumba ya mfano yenye ukuta wa 0.18 na paa la 0.11, kwa vipimo vitatu: hewa ukaa, nishati ya msingi (yaani yote inayotumika tangu kwenye chanzo chake), na uwezo wa kuta, paa, sakafu na madirisha kuzuia joto lisipotee. Paneli za jua zinaweza kukuokoa katika viwili vya kwanza. Hicho cha tatu haziongezi hata nukta, na ndicho kinachowaangusha waliobadilisha vifaa vya ukutani kimyakimya.

Basi simamisha kazi ya bodi za jipsamu kwanza. Piga picha lebo ya kifurushi cha sufu, mpelekee mtathmini wa nishati arudie hesabu. Nafuu ya kwanza kutafuta iko darini: kupandisha sufu kutoka milimita 300 hadi 400 au 500. Isipotosha, weka ndani ya kuta za nje bodi za jipsamu zilizobandikwa povu. Utapoteza sentimita chache za chumba, lakini ukingoja hadi rangi ipakwe utalipia kazi mara mbili.

Picha za simu zinakubalika?

Zinakubalika, na ni lazima ziwepo kwa nyumba zinazofuata kanuni za 2021. Washa huduma ya mahali kwenye simu ili kila picha ibebe tarehe, saa na eneo. Piga kabla ya kufunika: povu la sakafu kabla ya zege, hasa ule ukanda wa pembeni unaosimama kati ya sakafu na ukuta, ukuta unapokutana na paa, pembe za madirisha, mabomba ya maji moto yaliyovishwa. Usizitume kama picha za kawaida za WhatsApp, maana tarehe na eneo hufutwa njiani. Zitume kama faili, au kwa barua pepe.

Tumepimwa uvujaji wa hewa tukapata 7.2. Mpimaji anasema tumepita, mtathmini anasema hatujapita. Nani mkweli?

Wote wawili. Ukomo wa kisheria ni mita za ujazo 8 kwa saa kwa kila mita ya mraba, kwa shinikizo la paskali 50. Lakini kama hesabu yenu ilipangwa kwa 5, ikiingizwa 7.2 huenda nyumba ikaanguka kwenye jumla.

Rudisheni feni ya kupimia, na ikiwa inazunguka pitisheni kiganja chini ya skating (ule ubao wa chini ya ukuta), nyuma ya makabati ya jikoni, chini ya beseni la kuogea, bomba la choo linapotoboa sakafu, na mlango wa kupandia darini. Upepo mtausikia mkononi. Nyuma ya makabati ndiko kwenye matundu mabaya kuliko yote, kwa kuwa fundi bomba hutoboa akijua hakuna atakayeona. Pimeni kwa majaribio kabla makabati hayajafungwa. Kipimo rasmi kifuate nyumba ikikamilika, sinki na vyoo vikiwa na maji kwenye mikunjo ya mabomba.

Msikazane kupita kiasi pia. Mkishuka chini ya 3 na nyumba inategemea vitundu vya madirishani na feni za kawaida, mkaguzi atauliza hewa safi inaingilia wapi.

Mkaguzi ametembelea mara ya mwisho na kuridhika. Mbona hati ya kukamilika haijatoka?

Kwa kawaida ni karatasi. Angalia kama amepata ripoti ya nishati ya nyumba ilivyojengwa, EPC, kipimo cha hewa, cheti cha umeme, cheti cha boila au pampu ya joto, hesabu ya maji isiyozidi lita 125 kwa mtu kwa siku, na vipimo vya feni: lita 15 kwa sekunde bafuni, 6 chooni, na jikoni 30 kama feni iko juu ya jiko, 60 kama iko pengine. Tangu Oktoba 2023 linahitajika pia tamko la kwamba kazi imefuata kanuni, likiwa na saini ya mwenye nyumba, msanifu mkuu na mkandarasi mkuu.

EPC nayo hukwama kwa sababu ndogo: nyumba haina anwani kwenye rejista. Omba namba ya nyumba halmashauri mapema, ukuta ukiwa bado unapanda.

Usiiache hati ya kukamilika ikae. Marejesho ya VAT kwa wanaojijengea huombwa mara moja tu, ndani ya miezi 6 tangu nyumba kukamilika. Kama ulisamehewa CIL, yaani tozo ya miundombinu ya jamii, fomu yake ya pili nayo ina miezi 6.

Niko Glasgow. Naweza kuhamia huku nikisubiri karatasi?

Hapana, kaka. Huko kuhamia nyumba mpya kabla halmashauri haijaikubali hati ya kukamilika ni kosa la jinai. Kama kodi ya unakoishi inaisha, omba kibali cha muda cha kukaa kwenye nyumba hiyo, na uombe kabla ya kubeba hata godoro.