Ukitaka Kuzungumza Dini na Jirani

Kijana mmoja wa hapa mtaani Ujiji ameniuliza amjibu vipi jirani yake wa dini nyingine, maana kila wakikaa kijiweni jioni mazungumzo yanageuka mashindano ya aya. Nilimwambia aache kumfundisha mwenzake kitabu cha dini ya mwenzake huyo.

Kwetu jambo hili lina historia. Mihadhara ya kulinganisha dini iliposhika kasi nchini miaka ya 1980, baadhi ya wahubiri wake wa mwanzo walitoka hapa hapa Kigoma. Nimesikiliza mingi. Wahubiri walijua sura na mistari kwa kichwa, na elimu hiyo naiheshimu. Lakini mtu uliyemshinda mbele ya umati hatakusikiliza tena, hata siku ukiwa na la maana. Muulize yeye anaamini nini, kisha mwache amalize.

Na hesabu ya nani wengi, Waislamu au Wakristo, iacheni. Sensa ya taifa haijauliza dini tangu 1967, na mimi naona ni sawa.

Dini ya jirani utaijua vizuri zaidi msibani. Mwislamu anataka maiti azikwe mapema, ikiwezekana siku hiyo hiyo. Mkristo anaweza kusubiri mtoto aliye njiani kwa treni kutoka Dar es Salaam. Usimharakishe mmoja wala kumnung'unikia mwingine. Msiba ukiwa wa Wakristo na waombolezaji wamechanganyika, mpeni Mwislamu achinje, tena bila kungoja awaombe nafasi hiyo, ili wote wale chungu kimoja. Wakati wa swala ya jeneza au ibada isiyo yako, simama kando kwa adabu. Usijifanye unashiriki usichokiamini, wala usiende kupiga soga nyuma ya nyumba. Kuchimba kaburi, kuleta maji, kufunga turubai, hayo ni ya kila mtu.

Penye ugumu hasa ni pale marehemu alipokuwa amebadili dini. Nimeona ndugu wa tumbo moja wakigombea maiti, shekhe huku, mchungaji kule, mama mzazi katikati akilia mara mbili. Ibara ya 19 ya Katiba ya 1977 inampa kila mtu uhuru wa dini, pamoja na uhuru wa kuibadilisha. Kwa hiyo swali la kuuliza si ukoo una dini gani, bali marehemu mwenyewe aliishi na kuamini nini.

Kama umebadili dini, au umeoa kwenye dini nyingine, sema ungali mzima. Waite ndugu wa pande zote mbili, pamoja na kiongozi wako wa dini, useme unataka kuzikwa vipi, na uandike. Wazee watakwambia unajitabiria kifo. Wavumilie, lakini usiondoke kwenye kikao hicho kabla hujasema.