Sahani za Zamani za Mashirika ya Ndege: Kagua Picha Kwanza

Kwenye sahani ya shirika la ndege yenye mchoro wa msanii, unacholipia ni ile picha. Nayo picha huchakaa mapema kuliko kauri iliyoibeba. Muuzaji akikwambia haina ufa wala pengo, bado hajagusa la msingi.

Washa taa upande mmoja, uinamishe sahani polepole. Picha nyingi za aina hii ni stika zilizobandikwa juu ya tabaka linalong'aa, kisha zikachomwa tanuruni kwa nyuzi joto 750 hadi 850 hivi za Selsiasi. Hazizami ndani, ndiyo maana ukipitisha ukucha taratibu unahisi kingo zake. Visu na mashine ya kuoshea vyombo huanza kuzila katikati: rangi inapoteza mng'ao, inabaki na ukungu. Hapo hakuna dawa. Mistari ya kijivu kwenye sehemu nyeupe ni jambo jingine. Mara nyingi ni chuma cha kisu kilichobaki juu, na hutoka ukisugua kwa kidole na rojo zito la bekingi soda. Rojo hilo lisiguse picha wala ukingo wa dhahabu.

Sahihi ya mchoraji isikubabaishe. Ukitazama kwa lenzi inayokuza mara 10 na kuona vitone vilivyojipanga, ni picha ya chapa. Si kasoro, kwani shirika lilihitaji maelfu ya sahani zinazofanana. Ila usilipe bei ya kazi ya mkono.

Geuza usome mhuri. Shirika la Uingereza BOAC liliingizwa katika British Airways mwaka 1974, Pan Am ya Marekani ilifunga Desemba 1991, Sabena ya Ubelgiji ikafilisika Novemba 2001. Sahani yenye mhuri wa BOAC inayouzwa kama ya miaka ya 1980 ina walakini. Kitako nacho kina habari: kikiwa hakijasuguliwa hata kidogo, huenda sahani hiyo ilitolewa zawadi na haikuwahi kupanda ndege. Sisi tungependelea ile iliyotumika kidogo, mradi picha ni nzima.

Ili kupata ufa usioonekana, ishikilie kwa ncha za vidole, uigonge ukingoni kwa ukucha. Ikilia kama kengele ni nzima. Mlio mfupi uliokufa ni ufa. Kiraka cha gundi na rangi huumbuka chini ya taa ya urujuanimno (UV), kwa sababu hung'aa tofauti na kauri.

Osha kwa mkono, maji vuguvugu na sabuni laini. Siki inaweza kuharibu ukingo wa dhahabu. Usiitumie kwa chakula, hasa chenye ndimu au nyanya, kwani rangi za zamani za juu ya tabaka zinaweza kuwa na metali zenye sumu, yaani risasi au kadimiamu. Katika kupanga, weka kitambaa laini kati ya sahani na sahani, zisizidi sita. Gazeti halifai, wino wake unahama. Ukisafirisha, zisimamishe kwa ukingo ndani ya boksi, kamwe usizilaze, kisha boksi hilo liingie katika kubwa zaidi lenye sentimita 5 za kinga kila upande. Sahani iliyolala hubeba uzito wa zote zilizo juu yake, na boksi likidondoka ndiyo hupasuka kwanza.