"Mzunguko wa mapafu" au "mzunguko wa damu mapafuni"?

SWALI: Ninatafsiri kijitabu cha wagonjwa kuhusu kipimo cha CT (picha za ndani ya mwili zinazotengenezwa kwa eksirei na kompyuta). Nimeandika: "Kutathmini mzunguko wa mapafu katika shinikizo la damu la mapafu sugu." Mwenzangu anasema haieleweki. Je, nimekosea wapi?

JIBU: Mwenzako amesema kweli. "Mzunguko wa mapafu" humfanya msomaji aone mapafu yenyewe yakizunguka, ilhali kinachozunguka ni damu. Andika "mzunguko wa damu mapafuni", na kiambishi -ni kitabeba maana ya mahali. Kosa la pili ni zito zaidi. Kwa kuwa neno "sugu" halichukui kiambishi cha upatanisho, hushikamana na nomino iliyo jirani, na hapa limeyafanya mapafu kuwa sugu badala ya ugonjwa. Mimi ningeliacha kabisa, maana hospitalini husemwa pia kuhusu vimelea visivyosikia dawa. "La muda mrefu" linatosha.

Tena, taja ateri, yaani mishipa inayotoa damu moyoni. Mgonjwa akisoma "shinikizo la damu" hukumbuka ule mkanda unaofungwa mkononi, na akipimwa akaambiwa 120/80, kiwango cha kawaida, ataona amebandikwa ugonjwa usio wake. Shinikizo linalozungumziwa limo katika ateri zinazopeleka damu mapafuni kutoka upande wa kulia wa moyo, na mwaka 2018 wataalamu wa dunia walipendekeza lihesabiwe kuwa la juu pale wastani wake unapozidi milimita 20 za zebaki mtu akiwa amepumzika. Neno "mshipa" peke yake halifai, kwani hubeba ateri, vena, neva na hata ngiri.

"Kipimo cha CT" ni msemo uliokwisha kuzoeleka, wala siupingi, lakini usiseme CT "inapima" shinikizo. Dawa yenye madini joto hudungwa mkononi, ateri zikang'aa pichani, na mtaalamu akalinganisha upana wa shina la ateri ya mapafu na aota, ateri kuu ya mwili, iliyo kando yake. Shina likiizidi aota, hushuku ugonjwa. Hutafuta pia mabonge ya damu ya zamani yaliyoziba njia. Shinikizo lenyewe hupimwa kwa mrija mwembamba unaopitishwa moyoni hadi katika ateri hiyo. Kwa hiyo CT "huchunguza".

Sentensi yako iwe: "Picha za CT husaidia kuchunguza mzunguko wa damu mapafuni kwa mgonjwa mwenye shinikizo la juu la muda mrefu katika ateri za mapafu."