Usaili wa uhakimu: anza na Mahakama ya Mwanzo

Tume ya Utumishi wa Mahakama ikitoa tangazo la nafasi za Hakimu Mkazi Daraja la II, simu yangu haipumziki. Wadogo zangu waliomaliza Law School ya Tanzania, shule ya mafunzo ya sheria kwa vitendo, wanauliza jambo lilelile: "Dada, nisome nini?" Wengi wao, kabla sijajibu, wameshajijibu. Wameshachapisha Kanuni ya Adhabu, Sheria ya Ushahidi na Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai (CPC), na wanakariri vifungu usiku kucha. Wengine wanauliza kama kuna "past papers". Naomba niwajibu wote hapa.

Fahamu kwanza ni kazi gani unayoiomba. Cheo kitaandikwa Hakimu Mkazi, lakini kituo chako cha kwanza huenda kikawa Mahakama ya Mwanzo. Zamani mahakama hizo zilishikwa na mahakimu wenye stashahada, wengi wao wakiwa wamesomea Chuo cha Uongozi wa Mahakama, Lushoto. Siku hizi wenye shahada na cheti cha Law School ndio wanaopelekwa huko. Na huko, mdogo wangu, Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, uliyoikariri haitumiki. CPC nayo haitumiki. Inayotawala ni Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11, pamoja na majedwali yake: Jedwali la Tatu kwa jinai, la Nne kwa madai, la Tano kwa mirathi. Ushahidi unaongozwa na kanuni zake zilizotangazwa kwa Tangazo la Serikali (GN.) namba 22 la 1964, na mwenendo wa madai na GN. 310 ya mwaka huohuo. Ni vitabu vyembamba, unavimaliza kwa wiki moja. Chuo kikuu vinatajwa kwa kupita tu, maana mhadhiri ana haraka ya kufika Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani, kwenye kesi zenye majina makubwa.

Matokeo yake nimeyaona kwa vijana ninaowasaidia kujiandaa. Mtu anakueleza mafundisho yote ya ushahidi wa kuambiwa, na anakutajia majaji wa Uingereza wa karne ya 19. Ukimuuliza Mahakama ya Mwanzo inaweza kumfunga mtu muda gani, anababaika. (Kwa kawaida ni miezi 12.) Ukimuuliza mipaka yake kwa thamani ya madai, anakupa tarakimu za kabla ya marekebisho ya 2016. Sasa ni shilingi milioni 30 kwa mali inayohamishika na milioni 50 kwa isiyohamishika. Ukimuuliza mtu asiyeridhika anakata rufaa wapi na ndani ya muda gani, anakwambia Mahakama Kuu. Siyo. Anakwenda Mahakama ya Wilaya, ndani ya siku 30. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwa wakili mzuri sana. Ila wanaomsaili wanatafuta mtu wa kukaa kwenye kiti kile Jumatatu asubuhi, karani akiwa ameshaita shauri la kwanza.

Ndiyo maana nasema usaili huu haupimi unajua sheria ngapi. Kujua kulishapimwa Law School, na mnakumbuka ule mtihani wa 2022 ambapo kati ya watahiniwa 633 walifaulu moja kwa moja 26 tu. Aliyepita kwenye tundu lile ana maarifa ya kutosha. Kinachotafutwa sasa ni kama unaweza kuamua, na kama unaweza kuandika kwa nini umeamua hivyo ili hata aliyeshindwa akisoma aelewe.

Hebu tujaribu. Kijana ameshtakiwa kwa wizi wa baiskeli. Unamsomea shitaka, anajibu: "Ni kweli niliichukua, lakini mwenyewe namdai hela yangu ya kibarua." Utaandika nini?

Watahiniwa wengi wanakimbilia neno "ni kweli" na kumtia hatiani. Wengine wanaanza kuandika insha kuhusu kiini cha kosa la wizi. Jibu la hakimu ni fupi. Kwanza unaandika maneno yake kama alivyoyasema, huyafupishi kuwa "amekiri". Kisha unatambua kwamba maneno yale yana utetezi ndani yake: anadai alikuwa na haki kwa nia njema, na Kanuni ya Adhabu inautambua utetezi huo. Kwa hiyo unaandika kwamba amekana, na shauri linakwenda kwenye ushahidi. Ukitaka mamlaka, Adan dhidi ya Jamhuri ya 1973, ya iliyokuwa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, imepanga hatua zote: shitaka lielezwe kwa lugha anayoielewa, majibu yaandikwe kwa maneno yake, akikiri asomewe maelezo ya kosa, aulizwe kama anakubaliana nayo, ndipo atiwe hatiani. Ukiruka hatua moja, rufaa inakusubiri. Hakuna insha hapo, ni kujua mkono unaandika nini mtuhumiwa akiwa amesimama mbele yako.

Au chukua hili. Mama amekuja na madai ya talaka. Ana watoto, ana nyumba waliyoijenga na mume, ana machozi, na hana hati ya baraza la usuluhishi la ndoa. Moyo wako unataka kumsaidia leo. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mgogoro upite kwanza barazani, na baraza lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Ukisikiliza bila hati hiyo, unaweza kutoa hukumu nzuri yenye kurasa 15, ikafutwa yote na mama akarudi mwanzo baada ya miaka miwili ya kuhangaika. Lakini usiishie hapo, kwa sababu kifungu kilekile kina hali za kipekee: mfano, mume aliyemtelekeza na hajulikani aliko, au anayeishi nje ya nchi na hatazamiwi kurudi karibuni. Hakimu mzuri anauliza maswali hayo kabla ya kulirudisha shauri. Msahihishaji anayeona umeuliza "mume yuko wapi?" anajua mara moja kwamba huyu ana akili ya mahakama.

Na mkifika kwenye mgawanyo wa mali, kila mtu atamtaja Bi. Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, hukumu ya 1983 iliyosema kazi za nyumbani za mke ni mchango. Sawa. Ila nikiwauliza, "Bi. Hawa mwenyewe aliondoka na nini?" chumba kinakuwa kimya. Alishindwa rufaa yake. Mahakama ya Rufani ilikubali kanuni, kisha ikaona fungu lake alikuwa ameshalipokea na kulitumia vibaya. Mnalijua jina la kesi kutoka kwenye noti za mwenzenu aliyezitoa kwenye noti za kaka yake. Nendeni TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, ni bure, msome hukumu zenyewe kuanzia mstari wa kwanza. Tena msisome kwa ajili ya kanuni tu, muangalie jaji anavyojenga: mambo yaliyotokea, hoja inayobishaniwa, sheria, sababu, uamuzi, nafuu. Halafu funga kompyuta, chukua karatasi, andika uamuzi wako kwa mambo yaleyale ndani ya saa moja. Kwa mkono. Fanya hivyo mara tatu kwa wiki na utaona tofauti kabla ya mwezi kwisha. Uamuzi usio na sababu si uamuzi hata kama matokeo yake ni sahihi, na usisahau kuwaambia wadaawa, yaani pande zote za shauri, haki yao ya rufaa. Hilo la mwisho linasahauliwa na karibu kila mtu.

Onyo moja kuhusu vitini mnavyorushiana kwenye magrupu ya WhatsApp. Sheria zetu zimepata Toleo la Marejeo la 2023, lililoanza kutumika Julai 2025, na namba za vifungu vingi zimehama. Kitini cha mwaka 2020 kitakupeleka kwenye kifungu ambacho leo kinazungumzia jambo jingine kabisa. Kadhalika ushahidi wa mtoto mdogo: bado naona watu wanaandika habari za kumpima kwa maswali kama anaelewa maana ya kiapo, wakati marekebisho ya 2016 yaliondoa utaratibu huo na sasa mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi kwa kuahidi kusema kweli na si uongo.

Kuna darasa jingine la bure ambalo hamlitumii. Mahakama ni ya wazi. Nenda Mahakama ya Mwanzo iliyo karibu na kwenu, Buguruni, Manzese, popote, kaa kwenye benchi la nyuma asubuhi nzima. Kwa mirathi, walioko Dar es Salaam wana kile Kituo Jumuishi cha masuala ya familia pale Temeke. Sikiliza Kiswahili kinachotumika, namna hakimu anavyomzuia shahidi anayehubiri bila kumdhalilisha, na pale wanapokuwepo wazee wa baraza, jinsi anavyowashirikisha. Sisi tumefundishwa sheria kwa Kiingereza miaka minne, na tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama zetu zote, si za mwanzo peke yake. Mtu anayejua kesi yake kwa Kiingereza tu hugugumia akiambiwa aieleze kwa lugha ya mama yake.

Ukipita maandishi unaitwa kwenye mahojiano. Hapo suti nyeusi inatosha, usijipambe. Katiba uijue, hasa ibara za 107A na 107B zinazohusu utoaji haki na uhuru wa mahakama, na usiikariri kama shairi. Wanaokusaili watalisukuma jibu lako. Ukisema mahakama haipaswi kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi, tegemea kuulizwa: kwa hiyo yule mama asiye na hati ya baraza ungemsikiliza? Jibu linahitaji msimamo. Ukijibu "inategemea", malizia inategemea nini.

Swali jingine ninalopenda kuwapa vijana wa mazoezi ni la uhuru wa mahakama. Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya 2011 imeunda kamati za maadili ya maafisa mahakama, na mwenyekiti wa kamati ya mkoa ni mkuu wa mkoa, wa wilaya ni mkuu wa wilaya. Sasa umetoa dhamana kwa mtu, mkuu wa wilaya amekasirika, na ndiye anayeongoza kamati inayopokea malalamiko dhidi yako. Utafanyaje? Binafsi naona mpangilio huo ungeweza kuwa bora zaidi, na watu wazito kuliko mimi wamelijadili. Lakini kwenye kiti cha usaili usigeuke mwanaharakati, wala usinyenyekee hadi uonekane utapokea maelekezo kwa simu. Eleza misingi ya dhamana, eleza kwamba amri yako imeandikwa na sababu zake ziko kwenye jalada, na asiyeridhika ana njia ya kisheria. Mtu mwenye kumbukumbu nzuri za jalada hana cha kuogopa sana mbele ya kamati.

Wataulizia pia kama uko tayari kupangiwa popote. Kila mtu anasema ndiyo. Zungumza na mwenza wako na wazazi kabla, na umaanishe Kakonko, Liwale au Nkasi, kwa sababu huko ndiko kwenye upungufu.

Kuhusu madalali wanaosema wana mtu wao ndani: usitoe hata shilingi. Mbali na kuibiwa, fikiria unaomba kazi ya kuhukumu wala rushwa.

Mambo ya makaratasi ni machache lakini yanaua. Jina kwenye cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha shahada na kitambulisho cha NIDA liwe moja, na kama halilingani, tengeneza hati ya kiapo sasa hivi, si usiku wa kuamkia siku ya mwisho mfumo ukiwa umezidiwa. Waliosoma shahada nje ya nchi wapate utambuzi wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) mapema. Siku ya usaili beba vyeti halisi. Nakala iliyothibitishwa haitakuokoa ukiambiwa utoe chenyewe. Na ukiomba Tume ya Utumishi wa Mahakama usiende kusubiri majibu kwenye akaunti yako ya Sekretarieti ya Ajira. Hizo ni ofisi mbili, na kila mwaka kuna anayegundua hilo baada ya majina kutoka.