Mkono unauma upande wa gumba? Nenda fizio kabla hujachuliwa

Hii nawaandikia hasa wenzangu wa zabibu, lakini hata nyie wa cherehani, wa kompyuta kule ofisi za serikali Mtumba na mama mwenye kichanga anayebebwa kutwa mnahusika. Huku Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka na kila msimu una kupogoa kwake, sasa kushika mkasi toka asubuhi mpaka jua la utosini, kata kata kata, gumba ndo linabeba mzigo wote.

Mi maumivu yalikaa kwenye kifundo cha mkono wa kulia, upande wa gumba, mwanzo nikiinua ndoo tu, baadae hata kusonga ugali wa uwele ikawa shida. Diklo, ile dawa ya maumivu, inapoza, ikiisha nguvu maumivu yako palepale.

Dada wa fizio, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, kabla hajanigusa aliuliza kwanza kama nimeanguka, na hapa naomba mnisikie vizuri. Ukidondoka na bodaboda ukajikinga na kiganja halafu panauma kwenye kale kashimo chini ya gumba, usikubali mtu akuchue, kuna kamfupa pale kakivunjika eksirei ya kwanza inaweza isionyeshe kitu, kwa hiyo wanaufunga mkono halafu picha inarudiwa baada ya siku 10 hadi 14. Kakiachwa hivihivi kanaweza kasiunge kabisa, maana damu inakafikia kwa shida.

Mi sikuwa nimeanguka, akaniambia nifiche gumba ndani ya ngumi kisha niupinde mkono taratibu kuelekea kidole cha mwisho. Jamani, nilisimama! Akasema ni kano mbili za gumba, zile kamba zinazoshikisha msuli kwenye mfupa, zinabanwa kwenye ala yake, yaani ule mfuko zinamopita hapo kwenye kifundo, tatizo linaitwa kwa jina la de Quervain, daktari wa Uswisi aliyelieleza mwaka 1895.

Nikapewa banzi linaloshika gumba lisicheze, kazi nzito nikasimamisha. Maumivu yalivyopungua ndo mazoezi yakaanza: mkono unaulaza mezani, kifundo kinaning'inia ukingoni, gumba juu, umeshika kachupa ka maji. Unaupandisha kwa kusaidiwa na mkono mwingine, halafu unaushusha wenyewe polepole sana. Huko kushusha ndo dawa yenyewe, watu wengi wanaharakisha hapo kisha wanasema fizio haisaidii. Na haya unayafanya nyumbani, wiki kwa wiki, kule kliniki wanakuelekeza tu na kukuongezea uzito ukiwa tayari.

Ila kama shida yako ni ganzi ya gumba na vidole viwili vinavyofuata, inakuamsha usiku mpaka unakung'uta mkono, huo ni mshipa wa fahamu unabanwa, banzi lake ni lingine na linavaliwa zaidi usiku. Wajawazito na wenye kisukari inawapata sana. Zote mbili zikigoma kuna sindano na upasuaji mdogo, daktari atakwambia.

Ukienda, sema kazi yako wazi. Mi nilibeba na mkasi wenyewe, nikamwonyesha ninavyokata, akaona kila nikibana nakunja kifundo pembeni. Sasa hivi nasogea mpaka tawi liwe usawa wa kifua, mkono unyooke, na mkasi nanoa kabla ya kuingia shamba, maana ukiwa butu unakamua gumba bure. Wale vibarua wangu nao wanapokezana, anayepogoa asubuhi mchana anakusanya matawi.