Barua kwa Mwanangu: Neno Nililomtupia Babu Yako

Marahaba, mwanangu Salma.

Umeuliza kama wenzako wa kazini huko Marekani wana haki ya kumwita mwanasiasa fulani fashisti, au ni tusi tu kama matusi mengine. Siku ya tatu leo nawaza nikujibu nini, na kila nikishika kalamu namwona babu yako.

Ilikuwa 1977, nimetoka chuo kikuu Mlimani kuja likizo Tanga. Babu akanikataza kwenda Arusha na wenzangu. Siku zile neno hilo halikututoka mdomoni: msimamizi wa bweni fashisti, mwalimu mkali fashisti. Nikamwambia mbele ya wageni, "Baba, wewe ni fashisti." Hakunipiga. Aliweka kikombe chini, akauliza, "Umewahi kumwona?" Si unajua babu alikuwa keya, askari wa jeshi la Mwingereza; 1941 alikuwa Uhabeshi, walikokwenda kuwang'oa Waitaliano wa Mussolini, yule aliyeanzisha ufashisti. Akasema kwa sauti ndogo kwamba huko alimkuta mzee mmoja, mgongo umebabuka kwa sumu iliyomwagwa na ndege miaka mitano nyuma, na mzee yule alipoona sare zao akapiga magoti. Kisha babu akatoka, akakaa chini ya mwembe mpaka magharibi. Alifariki sijamwomba radhi.

Ndiyo maana nawaambia tangu mko wadogo: neno kubwa ukilichezea kila siku, siku ya haja hulikuti.

Lakini hapohapo najipinga. Mussolini hakuanza na sumu. Alianza Milan 1919 na kikundi tu. Vijana wake wa mashati meusi wakawa wanachapa wapinzani na kuchoma ofisi za vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1922 mfalme akamkabidhi serikali, na wako waliosema akishapata cheo atatulia. Mwaka 1924 mbunge Giacomo Matteotti akasimama bungeni kueleza vitisho vya uchaguzi. Siku kumi na moja baadaye akatekwa, akauawa. Aliyengoja aione sumu ndipo aseme, alikwisha kuchelewa. Sasa neno kubwa lisichezewe, sawa, lakini litunzwe mpaka lini?

Waulize wenzako: huyo mtu ana vijana wa kupiga watu barabarani? Akishindwa kura anakubali? Anasema taifa ni yeye, na asiyemtaka si mwenzetu? Ukatili peke yake hautoshi, Salma. Madikteta wamejaa duniani, na wengi wao si mafashisti. Neno kubwa, mwanangu, usilichezee.

Ulimi unaniwasha nikwambie mimi namwonaje. Nauzuia, maana ninyi ndio mnaoishi naye.

Ukija Desemba twende wote Tanga. Kaburi la babu limeota majani.

Mama yako